Kazi za Mzee Wetu wa Bari

Mwanakwaya akifariki, kwa kawaida watu humkumbuka kwa sauti yake. Mzee wetu wa bari, mojawapo ya sauti nne za kwaya yetu, tunamkumbuka zaidi kwa kazi zake. Aliimba katika kwaya yetu ya babashopu hapa Ohio zaidi ya nusu ya maisha yake. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wala mwalimu wa kwaya, na hata hivyo baada ya mazishi mambo mengi yalisimama ghafla: majaketi hayakufika ukumbini, nota mpya hazikutosha, wenzetu wasio na magari walibaki nyumbani siku ya mazoezi. Hapo ndipo tulipojua ni nani aliyekuwa akiyafanya. Tunaandika haya kwa wanakwaya wenzetu wanaosoma Kiswahili, walio ughaibuni na walio nyumbani, maana kazi hizi zipo katika kila kwaya, na kila moja ina ufundi wake.

Kwa asiyeujua, uimbaji wa babashopu ni wa sauti nne bila ala. Lidi hubeba wimbo. Sauti iitwayo tena hukaa juu yake kwa wepesi. Besi hushika msingi. Bari huchukua nota inayobaki ili kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ikamilike. Aliyelelewa na kwaya za kanisani hupata taabu mwanzoni, kwa sababu amezoea wimbo uwe sauti ya kwanza, juu kabisa. Huku wimbo uko ndani, na aliye juu yake anausindikiza tu.

Bari ndiyo sauti isiyoimbika peke yake. Msikilize bari akijifunza nyumbani, hutajua ni wimbo gani. Ndani ya mstari mmoja hupanda juu ya lidi, hushuka chini yake, hurudia nota ileile kwa maneno kadhaa, kisha huruka hatua ambayo koo halikuitegemea. Mzee alitufundisha tusome mstari wa lidi kabla ya wetu, na kwa penseli tuweke alama kila mahali tunapovuka juu yake. Ukiwa chini ya lidi, toa sauti. Ukivuka juu, punguza mara moja, la sivyo msikilizaji atadhani wewe ndiye wimbo. Ukishika do au so ya kodi unaweza kuipa nguvu, lakini ukishika mi au ta (ti iliyoshushwa nusu toni), ipunguze, kwa maana hizo husikika kirahisi hata zikiimbwa kwa upole. Kosa la bari wengi ni kuimba kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mzee, bari aliyesikika sana alikuwa hajafanya kazi yake, na alisema hivyo kwa upole lakini bila kuzunguka.

Hiyo ta ndiyo roho ya babashopu, na hapa inafaa tukae kidogo. Kodi inayopendwa kuliko zote ni do, mi, so na ta, na inalia vizuri zaidi pale mitetemo ya sauti hizo nne inapokaa kwa uwiano wa 4, 5, 6 na 7. Tuseme do iko kwenye hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde. Basi mi itakuwa 275, so 330, na ta 385. Piano haikupi namba hizo: mi yake iko karibu na 277, na ta yake ni 392. Kwa hiyo mi inatakiwa ishushwe kidogo kuliko ya kinanda, na ta ishushwe zaidi, karibu theluthi ya nusu toni. Ukifika pale penyewe, sauti ndogondogo za juu zilizo ndani ya kila mwimbaji hukutana. Ile ya do inayolia hezi 1100 inakutana na ya mi, kwa sababu 220 mara 5 ni sawa na 275 mara 4, na vivyo hivyo ya do ya 1540 inakutana na ya ta. Ndipo ukumbini inasikika sauti ya juu ambayo hakuna aliyeiimba.

Mzee aliwafundisha wageni jambo hili bila kutaja namba hata moja. Besi alishika do, lidi akashika so, tena akashika mi. Yeye mwenyewe alianza ta ya kinanda, kisha akaishusha polepole kama mtu anayefunga bomba la maji, mpaka ule mtikisiko unaosikika sauti zinapogombana ukapotea. Akasimama hapo. Halafu akampa mgeni nafasi ile ile. Zoezi hili likishindikana, sababu huwa mojawapo ya hizi: irabu hazifanani, mtu anatikisa sauti kama wa opera, besi ni dhaifu, au kila mmoja anaimba kwa nguvu mno kiasi cha kutosikia jirani. Alianza kila mara na irabu. Sisi tuliokua na Kiswahili tuna bahati hapa, kwa kuwa a, e, i, o, u zetu zinakaa wima. Mmarekani akiimba neno la Kiingereza kwa nota ndefu, mara nyingi irabu moja humgeukia mbili mdomoni, na watu arobaini wakigeuka kila mmoja kwa wakati wake, kodi inachafuka. Mzee aliwaambia wenzake washike irabu ya kwanza hadi mwisho wa nota, ile ya pili waiguse tu wakati wa kutoka, na mara nyingi alimwomba Mkongo au Mtanzania aliyekuwepo aimbe peke yake ili wasikie irabu isiyoyumba. Kwetu aliona tatizo la upande wa pili: tulikuwa tunasahau kabisa kuigusa ile ya pili.

Kushuka kwa sauti nako alikufuatilia kwa makini. Kwaya isiyo na kinanda ikianza wimbo, ikimaliza imeteleza nusu toni, na aghalabu hakuna anayejua ilitelezea wapi. Yeye alipiga taratibu filimbi ya sauti, ile ndogo ya kutolea nota ya kuanzia, kila mwisho wa ubeti, akaandika pembeni mwa nota zake mahali pa kwanza palipolegea. Chanzo kikubwa ni lidi kushuka ngazi ndefu mno wimbo unapoteremka, na kurudi juu kwa ngazi fupi. Chanzo kingine ni sauti za pembeni kurekebisha mi na ta, kisha lidi akazifuata badala ya kubaki alipo. Lidi na besi ndio nguzo. Tena na bari ndio wanaosogea.

Filimbi yenyewe ilikuwa ile ya duara yenye nota 13, kutoka F hadi F. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, si wa suruali, ili ipate joto la mwili na isiingie vumbi la nguo. Filimbi ya baridi hushika unyevu wa pumzi, na ulimi mdogo wa ndani unaotoa sauti hukwama. Ukipuliza kwa nguvu nota inashuka, kwa hiyo unaanzisha wimbo mzima ukiwa chini. Pumzi ndogo, ndefu, mara moja. Kisha kila sauti iitafute nota yake kwa kuguna mdomo ukiwa umefungwa.

Wengi wetu hatukujua kusoma nota za mistari mitano. Tumelelewa na do re mi, ile solfa inayoandikwa ubaoni kanisani kuanzia Dodoma hadi Bukavu. Mzee hakuwahi kuiona. Alipoielewa, alianza kutuandikia d, r, m kwa mkono chini ya kila nota: nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari cha mlalo kwa nota inayoendelea, kistari kidogo cha wima chini ya herufi kwa nota za chini na juu ya herufi kwa nota za juu. Kazi hii ina mtego wake. Babashopu hupita katika kodi nyingi za kuazima, na mtu akiandika solfa kwa kufuata do mpya kila mara, mwimbaji anapotea. Alibaki na do moja ya wimbo mzima, akaandika fe, se, ta, la na ma zilizoshushwa au kupandishwa jinsi zilivyo, hata pale palipoonekana pagumu. Ukurasa mmoja ulimchukua jioni nzima. Alitumia penseli, kwa kuwa mwalimu hubadilisha nota katikati ya msimu.

Halafu kulikuwa na sauti za kujifunzia. Katika babashopu mwimbaji hupewa rekodi ambayo sauti yake inalia sikio moja, na zile tatu nyingine zinalia sikio la pili. Mzee alitengeneza za kwetu kuanzia enzi za kaseti. Mpangilio wake ulikuwa kurekodi besi kwanza, akisikiliza mapigo masikioni, kisha lidi juu ya besi, kisha tena, na bari mwisho kabisa, ili bari ijirekebishe kwa wote. Sauti ya tena aliwaomba wengine waiimbe, kwani koo lake halikufika huko. Namna ya kutumia rekodi hizo ndiyo watu hukosea. Mtu huimba pamoja na sauti yake kwa miezi, akifika mazoezini akakosa wa kumfuata anaanguka. Yeye alishauri usikilize mchanganyiko wote siku mbili tatu bila kuimba, garini au jikoni. Kisha imba na sikio lako. Mapema kabisa, kabla hujajiona uko tayari, toa upande wa sauti yako na uimbe dhidi ya zile tatu. Hapo ndipo unajua unachokijua. Na rekodi yenye kosa dogo aliirudia yote, kwa sababu kosa la rekodi hujifunzwa kwa uaminifu kuliko kitu kingine chochote.

Mgeni akiingia ukumbini, mzee hakumpa fomu wala hotuba. Alimwita pembeni wakati wa mapumziko, akamfundisha tegi, yaani mwisho wa wimbo uliokatwa na kuimbwa peke yake, labda mistari miwili tu. Mgeni alipewa lidi, na alichagua tegi ambayo lidi anashika nota moja ndefu huku wengine watatu wakitembea. Mtu asiyewahi kuimba kodi anasimama katikati yake, na baada ya dakika kumi ameifanya ilie. Taratibu zake zilikuwa wazi. Wanne wasimame kwa duara, mabega karibu kugusana. Mwalimu aimbe sehemu moja mara mbili, mgeni aimbe naye, kisha mgeni peke yake, ndipo sauti nyingine ziongezwe moja moja, besi akitangulia. Usisahihishe maneno na nota kwa wakati mmoja. Na mtu wa tano asijiunge bila kuitwa, hata kama anaijua vizuri, maana akiongezeka yule mgeni hatajua kama aliiweza mwenyewe.

Mgeni mweusi alipewa pia bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala ya utafiti wa Lynn Abbott wa 1992, unaoonyesha kwamba uimbaji huu ulitoka kwa Wamarekani weusi, kwenye vibaraza, pembe za mitaa na maduka yao ya kinyozi. Louis Armstrong, mwanamuziki maarufu wa jazi, aliimba hivi akiwa mtoto huko New Orleans. Chama kilichoeneza babashopu kilianza Tulsa, Oklahoma, Aprili 1938, pale O. C. Cash na Rupert Hall walipowaalika watu waimbe pamoja na wakaja 26, na kwa miaka mingi kikawa cha wanaume weupe peke yao. Mwaka 1941 kundi la wapagazi weusi wa stesheni ya Grand Central walioshinda New York walizuiwa kwenda kushindana St. Louis. Milango ilifunguliwa rasmi kwa weusi 1963, na wanawake wakapata uanachama kamili 2018. Mzee alikuwa mzungu, mwana wa chama hicho, na aliona hili ni deni la kulipwa kwa kusema kweli. Mwafrika anayeingia ukumbi uliojaa mvi nyeupe akishajua hayo, anasimama kwenye ngazi akijua hajaja kwa wenyewe.

Kuhusu magari na fedha, alikuwa na busara ambayo tungependa kila kwaya iwe nayo. Alimchukua wa mbali kwanza na kumalizia na wa karibu na ukumbi, na wakati wa kurudi aliwashusha akianza na wa karibu, hivyo aliyekaa garini muda mrefu alikuwa yuleyule kila wiki. Alipogundua hilo alianza kubadilisha upande. Alipiga simu mchana, si jioni, ili mwenye zamu ya usiku kiwandani apate nafasi ya kusema haji bila kuona haya. Ada za waliopoteza kazi alizilipa kupitia kwa mweka hazina, na stakabadhi ilitoka kwa jina la mwanachama mwenyewe, bila kutaja mlipaji. Mweka hazina ndiye aliyetuambia, baada ya kifo chake, na hakututajia majina. Tunaomba iendelee hivyo. Msaada wa ada ukitangazwa kwenye mkutano, hata kwa nia njema, anayesaidiwa huacha kuja.

Majukwaa ya ngazi aliyapanga yeye na yeyote aliyewahi kufika. Kila ngazi hupanda sentimita 20 hivi na ina upana wa 45, na kipande kimoja cha ngazi tatu ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kibebwe na watu wawili, wa nyuma ndiye atoe amri. Anza na kipande cha katikati, kisha mbawa. Miguu ifunguliwe mpaka kufuli iseme, ndipo kipande kiunganishwe na jirani yake. Chuma cha nyuma ni lazima, hata kama onyesho ni la nyimbo mbili. Kisha mtu apande ngazi ya juu na kujitikisa kabla kwaya haijapanda. Alibandika utepe mweupe kwenye kingo, kwa kuwa taa za jukwaani zikiwaka hakuna anayeona miguu yake. Na alipita nyuma ya safu akinong'ona tulegeze magoti. Anayekaza magoti chini ya taa kali, damu hubaki miguuni, na akianguka kutoka ngazi ya tatu anaangukia wenzake. Ukimwona jirani amepauka na ameacha kuimba, mshike kiwiko na mkalishe palepale, watazamaji watasamehe.

Tarehe 14 Februari kwaya za babashopu hutuma vikundi vya watu wanne kuimbia watu makazini na majumbani kwa malipo, nyimbo mbili, waridi na kadi. Ndiyo pesa kubwa ya mwaka wetu. Mzee alichora njia za siku hiyo akiacha nusu saa kati ya mlango na mlango, na siku moja kabla alipigia simu mapokezi ya kila ofisi, kwa sababu tatizo la kawaida si kuimba vibaya bali mlengwa kutokuwepo, au shule kutaka vitambulisho vya wote wanne. Yeye mwenyewe hakujipangia kundi. Alijua sauti zote nne za nyimbo zile mbili, ile ya tena aliiimba kwa sauti ya kichwani hata kama haikupendeza, na alikaa garini akisubiri kundi lililopoteza mtu kwa mafua. Kundi la wanne likikosa mmoja halipo. Tangu aondoke tumelazimika kuweka watu wawili wa akiba, na hata wote wawili pamoja hawazijui sauti nne.

Nyimbo za msibani alizipanga mara nyingi kwa ajili ya wengine, na tulipofika kwake tulifuata alivyotufundisha. Shusha wimbo toni moja, kwani koo lenye kilio halifiki juu. Weka waimbaji wengi zaidi kwenye kila sauti kuliko kawaida, na uwagawe ili walio karibu na marehemu wasiwe wote upande mmoja. Kila mmoja ana ruhusa ya kunyamaza, jirani aendelee. Usimwangalie mjane wakati wa kuimba, angalia mkono wa mwalimu. Chagua wimbo ambao kwaya inaujua kiasi cha kuuimba bila kufikiri, si ule mzuri mnaojifunza msimu huu. Kwa mazishi yake bari walisimama katikati. Waliimba kwa upole, wimbo wa lidi ukasikika wote.

Kazi zake sasa zimegawanywa. Majaketi yako kwa mwenzetu mwenye chumba kikavu, yakiwa na vipande vya mwerezi badala ya dawa ya nondo, ambayo harufu yake hukaba pumzi za waimbaji. Mikono ilishonwa kwa mshono mkubwa ili iweze kurefushwa. Maktaba ya nota ina mtu wake, anayehesabu nakala halali kwa kila mwimbaji, isipokuwa nyimbo zilizochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita, ambazo hapa Marekani ni huru. Magari ni ya zamu. Rekodi zake zimehamishwa kutoka kaseti, na kila faili ina jina la wimbo, sauti, ki (yaani do imekaa kwenye nota gani) na tarehe ya toleo, kwa sababu matoleo mawili ya wimbo mmoja yakichanganyika nusu ya bari huimba la mwaka juzi.

Kilichobaki bila mtu ni solfa. Nyimbo mpya za msimu ziko tayari kwenye mistari mitano, na wenzetu waliokulia do re mi wanazishika kwa kusikiliza tu, jambo linalowachelewesha. Mwenye kujua kuiandika, yuko Ohio au yuko mbali, tunaweza kumtumia kurasa. Akumbuke tu kubaki na do moja, na atumie penseli.